Maji ya Kinyonga

Ukipitia orodha ya wanyama watambaao wa Uganda utakuta vinyonga wetu wamebeba majina ya mabwana wa enzi ya ukoloni. Yule mkubwa wa milima ya Ruwenzori, ambaye dume lake lina pembe tatu, ana jina la Harry Johnston, kamishna maalumu aliyetia saini Mkataba wa Buganda mwaka 1900. Mwaka uliofuata George Boulenger, bingwa wa nyoka na mijusi katika jumba la makumbusho la London, akamwandikisha mnyama huyo kwa jina la bwana mkubwa. Kinyonga mwingine wa pembe tatu, wa nyanda za juu za Kenya, alikuwa ameshapewa na Boulenger huyohuyo, mwaka 1896, jina la Frederick Jackson, ambaye kuanzia 1911 alikuja kuwa gavana wetu hapa. Yule mdogo wa vichakani, mwenye mfuo chini ya koo, ana jina la George Scott-Elliot, mtaalamu wa mimea aliyepita Ruwenzori miaka ya 1890. Mwingine wa huko huko milimani ana jina la Hale Carpenter, daktari aliyechunguza mbung'o katika visiwa vya Ziwa Viktoria.

Majina hayo yalitungwa mezani, mbele ya chupa za spiriti. Wataalamu walipima mikia, wakahesabu magamba, wakachora pembe. Kinyonga aliyemo ndani ya chupa haoni kiu, kwa hiyo swali la namna anavyokunywa halikuwa na nafasi katika kazi ile. Lilianza kuuma pale watu wa mbali walipotaka kinyonga aliye hai akae nyumbani mwao. Historia ya jibu lake imenishika kwa sababu mimi ni fundi bomba, na jibu lenyewe, ukilichambua, ni la ufundi bomba: maji yaingie vipi, na yakishaingia yatoke vipi.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi ya Naguru, mjini Kampala, upande wa pili wa Nakawa, na Kiswahili hiki ndicho tulichoamkia. Mle kambini mtoto wa Kiacholi, wa Kiteso na wa Kilugbara hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Ufundi niliusomea Kyambogo, wakati chuo cha ufundi kilipokuwa bado kinajitegemea. Kilima hiki ni kilima cha shule. Chuo cha ualimu kilihamishiwa hapa kutoka Nyakasura, kule Fort Portal, miaka ya 1950; ufundi nao ukajengewa karakana zake, kisha ikaja elimu ya wenye mahitaji maalumu; na mwaka 2003 vyuo vyote vitatu vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mwalimu wetu wa mabomba alikuwa akituambia kwamba mteja hulipia maji yanayoingia kwa furaha, na yanayotoka huyalipia shingo upande. Nimefanya kazi katika nyumba nyingi za mji huu na sijaona aliyemkanusha.

Tuanze na kuingia. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakuona sababu ya kumpa kinyonga maji. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba kati ya wanyama wote huyu peke yake hali wala hanywi, anaishi kwa hewa. Maneno hayo yalirithiwa kitabu kwa kitabu mpaka zama za Shakespeare, na watu wenye elimu wakayasadiki kuliko macho yao. Mwaka 1672 mwandishi Madeleine de Scudéry wa Paris aliletewa vinyonga kutoka Alexandria, Misri, akawafuga ndani na kuwatazama kwa upendo mkubwa. Habari zao alizichapisha mwaka 1688. Ninamheshimu mama huyo kwa sababu alitazama. Wengi waliofuata, kwa miaka mia mbili na zaidi, waliendelea kununua kinyonga bandarini, kumweka penye joto, na kumzika.

Kosa la Pliny linaeleweka. Kinyonga anaweza kukaa siku nyingi bila kula, na kunywa kwake si rahisi kukuona. Hashuki chini kwenda kwenye dimbwi. Aina nyingi hazitambui maji yaliyotulia: weka bakuli mbele yake na atalipita kama kipande cha ardhi. Anachokiona ni tone. Jicho lake linavutwa na mng'ao unaotikisika kwenye ncha ya jani, na hata hapo hana haraka. Nimesimama nikitazama tone baada ya tone likimdondokea puani huku hajali, macho yakizunguka kila moja kwa njia yake. Kisha kichwa kikainuka kidogo, mdomo ukafunguka, akaanza kutafuna maji taratibu kama mzee asiye na meno anayekula muwa. Akishaanza anaweza kuendelea kwa muda mrefu kuliko subira ya mtazamaji. Mtu aliyempulizia maji kidogo akaondoka hatajua kamwe kama mnyama wake amekunywa.

Huku kwetu hakuna aliyehitaji kumfundisha. Kyambogo iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kampala hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, hasa katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Hata katika miezi ya katikati, alfajiri majani ya maembe na ya migomba huamka yamelowa umande. Kinyonga wa Kyambogo hulala usiku kwenye ncha ya tawi, hewa ikiwa imejaa unyevu, na asubuhi hulamba jani lililo mbele yake. Jua likipanda kila kitu hukauka. Kulowa usiku, kukauka mchana: kumbuka mpangilio huo, maana wafugaji wa Ulaya na Marekani walichukua muda mrefu sana kuufikia.

Na maji yasiyonywewa huenda wapi? Hapa kilima chenyewe ni kizimba kilichojengwa na fundi hodari. Mvua hupiga majani, hudondoka kwenye udongo mwekundu unaonyonya, huchungulia tena chini mlimani kama chemchemi, kisha huingia Kinawataka, bonde la mafunjo lililo kati yetu na Ziwa Viktoria. Mafunjo huyapunguza kasi maji, hukamata matope, na kuyapeleka ziwani pole pole. Wazee wa Buganda waliyajua mabonde haya vizuri. Banda, kilima tunachopakana nacho, ndipo palipokuwa na makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza wakati mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Februari 1862, huku mtu wake Sidi Mubarak Bombay na Kiswahili chake wakiwa kiungo katika mnyororo wa wakalimani. Barabara za Kabaka zilishuka mlimani na kuvuka vinamasi juu ya magogo ya mitende, yaliyopangwa ili mtu apite juu na maji yapite chini. Hawakukizuia kinamasi kufanya kazi yake. Nimetengeneza makalavati mengi, na bado naona wazo lile ni bora kuliko baadhi ya yanayofanywa leo kwa saruji.

Sasa mchukue kinyonga wa mlima kama huu umweke ndani ya sanduku la kioo mjini London. Sanduku lenyewe lina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1820 Nathaniel Ward, daktari wa mtaa wa moshi mjini humo, aligundua kuwa mmea unaweza kuishi ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, maji yakipanda kama mvuke na kurudi chini bila kupotea. Kwa mimea ulikuwa ukombozi, na masanduku yake yalisafirisha miche baharini duniani kote. Mtindo ukaingia sebuleni, na baada ya mimea wakaja vyura na mijusi. Kwa chura sanduku lile ni nyumba. Kwa kinyonga wa milimani ni mauti ya aina mbili. Usipomwagia maji, anakauka: macho yanazama, na ile sehemu ya kinyesi chake inayopaswa kuwa nyeupe inageuka njano kisha rangi ya chungwa. Ukimwagia, maji hayana pa kwenda. Yanakaa chini, yanaoza pamoja na kinyesi na wadudu waliokufa, hewa haitembei, ukungu unaota, na mapafu ya mnyama yanashikwa. Wafugaji walilaumu baridi, wakalaumu chakula, na wengine wakasema kinyonga hafugiki kabisa.

Hata hivyo biashara ilikua. Miaka ya 1960 na 1970 ndege ziliirahisisha: kinyonga aliyekamatwa Kenya wiki hii angeweza kuwa dukani Marekani wiki ijayo. Safarini hakuna majani na hakuna tone. Na hapa kuna kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha historia yote hii, nacho kilitokea mbali sana na Afrika.

Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama wa kufugwa huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliagiza kwa kibali vinyonga wa Jackson kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekaukiwa. Hakuwarudisha kwenye masanduku. Aliwaachia kwenye bustani ya nyumba yake wapate nafuu. Kaneohe iko upande wa kisiwa unaopigwa na upepo wa bahari, chini ya milima ya Koolau, na mvua huko ni ya kila mara. Vinyonga walikunywa. Walipopata nguvu wakaondoka zao, jani kwa jani, wakaingia mtaani na msituni, wakazaana. Kinyonga wa Jackson hatagi mayai ardhini. Huzaa watoto walio hai, wengi kwa mpigo, hivyo hakuna kilichowachelewesha. Watu wakawabeba kwenda visiwa vingine, Maui na kile kiitwacho Kisiwa Kikubwa, na leo Hawaii ina vinyonga wa Kenya mlimani, wanakula wadudu na konokono wa asili ambao hawapatikani kwingine duniani. Serikali ya huko imekataza kuwahamisha kutoka kisiwa hadi kisiwa, na faini yake ni ya kutisha.

Madhara hayo ni ya kweli na ninayasikitikia. Lakini tazama fundisho lililomo kuhusu maji. Vinyonga waliokuwa wakifa katika mikono ya watu waliowalipia pesa nyingi walipona wenyewe katika ua wa nyumba, kwa sababu ua ule ulikuwa na vitu vitatu ambavyo sanduku halikuwa navyo: maji yaliyotoka juu, hewa iliyopita, na ardhi iliyoyanywa maji yaliyobaki. Hakuna aliyefanya ufundi wowote. Pale palikuwa kama Kyambogo.

Mwaka huohuo wa 1972, huku kwetu, serikali ya Amin iliunda kwa amri Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, likakabidhiwa Kampala, Jinja na Entebbe. Napenda kwamba jina la shirika lile lilitaja mambo yote mawili kwa pamoja, maji na maji taka. Ni mwaka ambao wengi wanaukumbuka kwa kufukuzwa kwa Waasia, na miongoni mwao walikuwemo mafundi na wenye maduka ya vifaa vya mabomba. Walimu wetu walisimulia miaka iliyofuata, vali moja ilipokuwa kitu cha kuombwa kwa jamaa wa Nairobi.

Mikataba nayo ikaanza kubana. Vinyonga wa kundi kubwa lililoitwa wakati huo Chamaeleo waliingizwa mwaka 1977 katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini, maana yake hawauzwi nje bila kibali. Kenya ikasimamisha biashara ya kinyonga wa Jackson mwaka 1981. Kuanzia hapo Mmarekani aliyemtaka alimpata kutoka Hawaii, mjukuu wa wale wa Kaneohe. Tanzania iliendelea kwa muda mrefu kuuza nje vinyonga wa milima ya Usambara na Uluguru, hadi Mei 2016 ilipositisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1991, na leo sheria ya wanyamapori ya 2019 inamtaka kila anayefuga mnyama wa porini awe na kibali.

Wanyama walipokuwa adimu, watu wakajifunza kuwatunza. Miaka ya 1980 na 1990 wafugaji wa Marekani na Ulaya waliacha kioo wakahamia vizimba vya wavu. Hewa ikapita. Wakatundika juu chupa iliyotobolewa ili idondoshe tone moja moja kwenye majani. Baadaye wakaja na pampu ndogo na vichwa vya kupuliza manyunyu, vikiwashwa kwa saa. Kwa mara ya kwanza kinyonga wa mjini alinywa vya kutosha kila siku, na wengi wakaanza kuzaliana mikononi mwa watu.

Ndipo lilipokuja tatizo la upande wa pili, lile linalolipiwa shingo upande. Pampu ikipuliza mara kadhaa kwa siku, sakafu ya kizimba ni bwawa. Wengine waliweka chini taulo na magazeti, wakayabadilisha mpaka wakachoka. Wengine waliweka changarawe na juu yake udongo, kama chungu cha maua, wakidhani changarawe inatoa maji. Changarawe haitoi maji popote. Inayaficha. Chini ya udongo ule palikuwa na dimbwi lisiloonekana, na dimbwi lisiloonekana ni baya kuliko linaloonekana. Waliofaulu ni wale waliokubali kutoboa sakafu: kizimba juu ya miguu, sinia lenye mwinamo chini yake, tundu, bomba, ndoo. Jambo dogo hivyo, nalo lilikuja mwisho, baada ya taa, baada ya vitamini, baada ya pampu. Katika miji ya watu mambo yamekwenda vivyo hivyo. Kampala ilianza kupata maji ya bomba kutoka Gaba karibu 1930, na karibu miaka mia baadaye sehemu kubwa ya wakazi wake bado wanategemea vyoo vya shimo.

Nilitumbukia katika habari hizi kwa ajili ya jirani, mwalimu wa bayolojia anayeishi mteremko wa kuelekea Banda. Ana kibali cha kufuga kinyonga kwa ajili ya kufundishia, yule mdogo wa Scott-Elliot, na wanafunzi humpitia jioni wakisimama mbali kidogo, maana kwetu watu wazima wengi bado wanamwogopa nawolovu, kama kinyonga anavyoitwa kwa Kiganda, na wameirithisha hofu hiyo. Mwalimu alikuwa na kizimba kizuri cha wavu uliopakwa plastiki, futi mbili kwa mbili na futi nne kwenda juu. Ndani kulikuwa na mmea wa mutuba kwenye chungu. Ni ule mti wa kitambaa cha gome, ambao ukichomeka kigingi chake ardhini huota. Chini kulikuwa na ubao uliovimba kwa maji na harufu iliyokupokea mlangoni.

"Fundi," akaniambia, "hapa sihitaji dawa, nakuhitaji wewe."

Sinia tulilikunjisha kwa fundi mabati wa Banda. Chuoni tulifundishwa kwamba bomba la maji machafu lishuke kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kwenye sinia niliuzidisha mwinamo huo, kwa sababu maji ya kinyonga ni machache na yanabeba majani, miguu ya panzi na kinyesi. Maji machache hayana nguvu ya kusukuma uchafu, yanahitaji kusaidiwa na mteremko. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa bomba la nusu inchi nikaweka la inchi moja. Kwenye kona ya chini nilitoboa na kufunga tanki konekta, kile kiungo cha nyuzi chenye washa mbili ambacho mafundi wote wanakijua. Hapo pana jambo ambalo mtu asiye fundi halioni. Shingo ya konekta ina ukingo unaokaa juu ya bati, milimita chache tu, na milimita hizo zinatosha kuacha maji yamesimama pande zote. Basi kabla ya kuifunga, weka gogo chini, gonga bati kwa nyundo taratibu kuzunguka tundu hadi libonyee kama kisahani. Ukingo ukiingia ndani ya kibonyeo hicho, maji yanashuka yote na sinia linakauka kabla ya saa sita mchana.

Juu ya tundu niliweka kipande cha neti, maana nyenje anayetumbukia bombani haliwi na mtu, anaoza tu. Mwalimu aliuliza kuhusu ule mkunjo wa bomba unaoshika maji chini ya sinki. Hapa hautakiwi. Kazi ya mkunjo ule ni kuzuia harufu ya mfereji mkuu, na bomba hili haliingii kwenye mfereji. Linaishia hewani, shibiri moja juu ya ndoo. Maji yaliyosimama kwenye mkunjo yangekuwa shule ya viluwiluwi vya mbu, na malaria tunayo ya kutosha. Ndoo nayo ina kifuniko cha neti na humwagwa kila siku.

Kwa juu hatukununua pampu. Tuliweka jerikeni ya lita tano na mrija wa dripu kutoka duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kubana ambacho muuguzi hukisogeza kwa kidole gumba. Unahesabu matone kama anavyohesabu yeye. Tone linaanguka kwenye jani la juu la mutuba, linateleza kwenda jani la pili, na njia nzima ya maji hadi sinia inaonekana kwa macho.

Swali la mwalimu lililofuata lilikuwa la kiuchumi, na nadhani ni la kawaida kwa mtu anayenunua maji: kwa nini yale yaliyomo ndani ya ndoo yasichujwe kwa kitambaa na kurudishwa kwenye jerikeni? Wapo wafugaji ng'ambo waliojaribu, pampu ikivuta kutoka chini na kupuliza juu, na vinyonga wao wakaugua. Kitambaa huzuia kinyesi unachokiona. Hakizuii bakteria. Maji yaliyotoka hayarudi juu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kizimba, na ndiyo ya kwanza ya mji.

Nasema mji kwa makusudi. Kinawataka yetu inamwagika katika Ghuba ya ndani ya Murchison. Mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji ya katikati ya Kampala, unamwagika katika ghuba hiyohiyo. Na mitambo ya Gaba, wa kwanza wa karibu 1930, wa pili wa 1992 na wa tatu wa 2007, inavuta maji ya kunywa kutoka ghuba hiyohiyo. Kwa miaka mingi mpango huo ulibebwa na mafunjo yaliyokuwa katikati: ndiyo yaliyokuwa kichujio chetu, bila umeme na bila mshahara. Kinawataka sasa imejazwa kifusi sehemu nyingi kati ya Nakawa, Banda na Kireka. Viwanda vimejengwa, maghala, nyumba, magimbi yanalimwa mahali palipokuwa na mafunjo. Katiba ya 1995 inasema serikali inavishika vinamasi kwa niaba ya wananchi. Maji ya Gaba yamehitaji dawa zaidi kadiri ghuba inavyochafuka, na mtambo mpya ukalazimika kujengwa Katosi, mbali huko Mukono, kutafuta ziwa safi. Tumehamisha mrija wa kuvutia. Sinia letu bado linamwagika palepale, na linaniuma kila ninapopita juu ya lile bonde kwa bodaboda.

Kwa kinyonga, mambo yameendelea kubadilika hata katika miaka ya karibuni. Wafugaji walipuliza manyunyu mchana, chini ya taa ya joto, kwa sababu mchana ndipo wao walipokuwa macho. Kisha wakatokea watu waliokuja kupima unyevu porini usiku, Petr Nečas wa Cheki akiwa miongoni mwa waliolisema kwa sauti kubwa, wakasema kwamba katika milima ya Afrika Mashariki kinyonga hujipatia maji mengi usiku, amelala, akivuta hewa iliyojaa ukungu, na kulamba umande asubuhi. Mchana anataka kukauka. Kwa hiyo sasa wengi hutoa ukungu usiku wa manane na manyunyu mafupi alfajiri, na mchana huacha kizimba kikavu. Pliny alikosea, lakini hakukosea kama nilivyofikiri nilipomsoma mara ya kwanza: kuna maji ndani ya hewa ile.

Mwalimu hana mashine ya ukungu, na kwa Kyambogo haihitaji. Tulichofanya ni kuhamisha kizimba kutoka sebuleni hadi kwenye baraza la nyuma, chini ya ukingo wa paa, penye neti ya kuzuia paka. Usiku wa kilima unaingia wenyewe. Dripu huifungua alfajiri na kuifunga kabla ya kwenda kazini. Sehemu nyeupe ya kinyesi imekuwa nyeupe kweli, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Ndoo haimwagwi kwenye mtaro wa barabara, ambao ungeipeleka Kinawataka. Nilimchimbia shimo la futi tatu nyuma ya jiko, nikalijaza mawe na kokoto, mwalimu akapanda migomba ukingoni. Shimo la mawe mbali na kisima, juu ya udongo unaonyonya, linafanya kazi. Jirani wa chini yake ameshakuja kuulizia bei ya kuchimbiwa lake, kwa ajili ya maji ya kufulia.